A ya pili

Kazi yangu ni kuandika kwenye kuta. Bucha, kinyozi, duka la dawa, kibanda cha M-Pesa, na yale maneno ambayo kila fundi wa mabango Nairobi ameyaandika mara mia: PLOTI HII HAIUZWI. Kabla mashine za kuchapa turubai hazijatuharibia soko nilikuwa na vijana wawili wa kunichanganyia rangi. Siku hizi najichanganyia mwenyewe, na shule ndizo zinazoniweka mjini. Ukuta wa shule huwezi kuupigilia turubai ukadumu. Watoto watalichana kabla wiki haijaisha.

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, shule moja upande wa Kayole ilinipa ukuta wa mashujaa. Mwalimu mkuu alinikabidhi karatasi yenye majina manne na picha alizozitoa kwenye simu: Mekatilili wa Menza, Dedan Kimathi, Wangari, Eliud Kipchoge. Jina la tatu lilikuwa limeandikwa PROF. WANGARI MATHAI. Nikaliandika hivyo hivyo. Fundi wa mabango hamsahihishi mteja, atalala njaa. Nimewahi kumwandikia mtu KINYOSI kwa herufi za futi moja kwa sababu mwenyewe alisema hivyo ndivyo anavyotaka, na hadi leo watu wanaingia pale wananyolewa vizuri tu.

Langoni pa shule ile kuna shosho anayeuza nduma na mahindi ya kuchemsha. Alikuwa nyuma yangu tangu asubuhi kwenye kiti chake cha plastiki, kimya, na mimi nimezoea kutazamwa. Nilipomaliza ile I ya mwisho nikashuka ngazi, nikarudi hatua sita kama kawaida ili nione kama mstari umelala sawa. Akasema:

"Fundi, mbona umemrudisha kwa mumewe?"

Nikadhani sijamsikia vizuri. "Unasema, shosho?"

"Huyo mama. Baada ya M, A zake ni mbili. Hiyo ya pili ndiyo talaka yake."

Kisha akamfungia mteja nduma za hamsini kwenye gazeti, akanyamaza kana kwamba hakusema neno.

Baadaye nilijua kwamba miaka ya themanini alikuwa Nyeri, mmoja wa wale kina mama wa Green Belt, harakati ya Wangari ya kupanda miti, waliootesha miche kwenye makopo na kulipwa vijisenti kwa kila mche ulioshika. Lakini wakati ule sikujua. Nilichojua ni kwamba rangi yangu bado ni mbichi na jina lina kosa, na kwamba mimi, mtu wa herufi, nimeonyeshwa herufi na muuza nduma.

Nilikaa kivulini nikatoa simu. Wangari nilikuwa namjua kama Mkenya yeyote anavyomjua: miti, Uhuru Park, Nobel ya mwaka 2004. Ile Forest Road ya zamani sasa ina jina lake. Nimepita pale na matatu sijui mara ngapi nikisoma kile kibao, tena nikikikosoa nafasi za herufi, bila kuhesabu A.

Majina yake peke yake yanatosha kuwa kisa. Alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, Wangari Muta. Shuleni kwa masista akawa Mary Josephine. Mwaka 1960 akapanda ndege na wale wanafunzi mamia waliopelekwa Marekani, akasoma biolojia Kansas halafu Pittsburgh, na aliporudi 1966 alikuwa amelivua lile la masista, ni Wangari Muta tena. Mwaka 1969 akaolewa na Mwangi Mathai, akachukua jina la mume. Mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati, na cheti kikasoma Mathai.

Huku Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa ameanza kelele. Wakati huo mhadhiri mwanamke hakupewa marupurupu ya nyumba na matibabu sawa na mwenzake mwanamume. Ilichukuliwa kwamba ana mume, mume atamtunza. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walilikataa hilo, wakataka walipwe kama wanaume, wakafika hata kujaribu kukigeuza chama cha wahadhiri kiwe chama cha wafanyakazi. Unaweza kuwaza wenzao wa kiume walivyowatazama kwenye chumba cha chai. Mengi ya waliyodai yalikuja kutolewa baadaye.

Mume naye alikuwa mwanasiasa. Mwaka 1974 alishinda ubunge wa Lang'ata. Katika kampeni aliwaahidi watu kazi, na mkewe ndiye aliyelala macho akiwaza kazi hizo zitatoka wapi. Wazo la kuotesha miche na kuiuza lilianzia hapo. Mwaka 1977 mume akaondoka nyumbani. Mwaka 1979 kesi ya talaka ikafika mahakamani, waandishi wa habari wamejaa, na mambo ya chumbani yakasomwa kwa sauti: kwamba ni mkatili, kwamba amezini na mbunge mwingine, kwamba yeye ndiye aliyempa mumewe shinikizo la damu. Yote yaliyoandikwa kuhusu kesi ile yanarudi mahali pamoja: mwanamke kichwa ngumu, mume hawezi kumtawala. Jaji akampa mume ushindi.

Wangari angenyamaza hapo, yangekwisha. Hakunyamaza. Jarida la Viva lilimhoji, akasema jaji aliyetoa hukumu ile ama hajui kazi yake ama amekula rushwa. Akaitwa mahakamani kwa kudharau mahakama, akafungwa miezi sita, akachukuliwa moja kwa moja hadi gereza la wanawake la Lang'ata. Lang'ata, ile ile ya ubunge wa mumewe. Alikaa siku tatu, wakili wake akaandika maneno yaliyomridhisha jaji, akatoka.

Nikiwa mkweli, mimi ningenyamaza. Watoto watatu, mshahara mmoja, ada za wakili juu ya kichwa, halafu nimwite jaji mla rushwa gazetini? Ningemeza. Nimewahi kumeza kwa mambo madogo zaidi, mbele ya askari wa kanjo aliyeshika ndoo yangu ya rangi.

Baada ya talaka mume akamtaka aache kulitumia jina la Mathai. Wengi wangerudi kwa baba yao, wawe Muta. Yeye akaongeza A. Maathai. Hakuna wakili aliyelipwa kwa ile A, hakuna hakimu aliyeipigia mhuri, na mtu wa kawaida akilisoma haraka haoni tofauti, kama ambavyo mwalimu mkuu wangu hakuiona. Lakini si jina la Mwangi tena.

Kipande kinachofuata ndicho kilichonikaa kooni pale kivulini, ingawa wanaotoa hotuba za mashujaa hukiruka. Pesa zilikuwa hazitoshi. Akapata kazi na Umoja wa Mataifa iliyomtaka asafiri huku na huku Afrika, na huwezi kusafiri hivyo na watoto watatu wadogo. Akawapeleka wakaishi kwa baba yao. Mtu amepigana mahakamani, ameingia gerezani, amejiundia jina jipya, kisha anawafungashia wanawe nguo na kuwapeleka kwenye nyumba ya mtu aliyemshinda kesi.

Mwaka 1982 akataka kugombea ubunge Nyeri. Sheria ilimtaka ajiuzulu chuo kikuu kwanza, akajiuzulu. Halafu akaenguliwa kwa sababu ya usajili wa kura. Aliporudi chuoni kuomba kazi yake aliambiwa haipo. Nyumba ya chuo ikatakiwa pia. Miaka kumi na zaidi ya kufundisha, na ikaisha kwa siku chache. (Leo chuo hicho hicho kina taasisi yenye jina lake. Nimeona kibao chake. A ni mbili.)

Sasa nifike mwaka 1989, kwa sababu huo naukumbuka mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba yangu alikuwa fundi wa reli Voi, na jioni redio haikuguswa na mtu mwingine. Serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, la gazeti la chama tawala, Kenya Times, na sanamu kubwa ya Rais ikae hapo hapo. Wangari aliandika barua kwa kila aliyehusika, kuanzia wizara za hapa hadi kwa balozi wa Uingereza, akiuliza kama jiji kama New York au London lingekubali kujengewa kitu kama hicho katikati ya bustani yake. Hoja ilikuwa majani na nafasi ya mtu wa kawaida kukaa Jumapili na watoto wake. Bungeni, tarehe 8 Novemba, waheshimiwa walisimama mmoja baada ya mwingine. Hawakujibu habari ya majani. Walisema ni kikundi cha wanawake walioachika. Mwezi uliofuata, katika sherehe za Jamhuri, Rais Moi akasema kwamba kama angekuwa mwanamke wa kweli kwa mila za Kiafrika angewaheshimu wanaume na kunyamaza.

Baba alizima redio akasema, "Shida ya huyu ni moja tu. Hana mwanamume nyumbani."

Mama alikuwa anachambua mchicha kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Namkumbuka alivyokuwa akivunja yale majani, tap, tap, tap, na mimi nikaona baba amesema jambo la busara sana, kwa sababu lilikuwa fupi na hakuna aliyelipinga. Kesho yake shuleni nikalirudia kwa wenzangu kama langu. Tulicheka.

Wakati sisi tunacheka Voi, ofisi ya Green Belt ilikuwa inapewa saa 24 itoke kwenye jengo la serikali. Akahamishia kila kitu nyumbani kwake South C: makaratasi, meza, wafanyakazi, wote ndani ya nyumba ya mtu binafsi. Jumba lile halikujengwa. Lakini ukitafuta gharama yake ililipwa wapi, ililipwa sebuleni kwake. Hata Januari 1992 polisi walipomtaka, walikwenda hapo hapo; akajifungia, wakaizingira nyumba, na siku ya tatu wakakata nondo za dirisha wakaingia. Machi mwaka huo huo, akiwa na kina mama waliofunga kula wakiwadai wana wao waliofungwa kwa siasa, alipigwa Uhuru Park mpaka akazirai.

Nimejiuliza sana kwa nini kila hoja yake ilijibiwa kwa ndoa yake. Mwanamume akipinga jengo utasikia ametumwa, amehongwa, anatafuta kura. Hutasikia kaachwa. Na huyu hakuwa peke yake. Wambui Otieno, aliyekuwa mpelelezi wa Mau Mau, alifiwa na mumewe wakili mwezi wa Desemba 1986, akataka kumzika Ngong kwenye boma lao, na ukoo wa mume, Umira Kager, ukasema mke hana sauti juu ya maiti. Kesi ikaenda hadi Mei 1987, mwili uko mochari, nchi nzima ina maoni. Alishindwa. Maziko yalifanyika Nyalgunga, hakwenda. Mwaka 2003, akiwa na miaka 67, akaolewa na fundi mwashi kijana wa miaka ya ishirini na kitu, na hapo ndipo hata waliomwonea huruma walipomgeuka. Nilikuwa nimeanza kazi wakati huo. Mtaani hatukuzungumza kingine kwa mwezi mzima, na sisi mafundi tulitaniwa kwamba tukanawe mikono vizuri, mabibi wenye mali wanatutafuta. Mzee wa miaka 67 akioa binti wa miaka 25 mtaani kwetu hupelekewa mbuzi. Wambui na Wangari walifariki mwaka mmoja, 2011, wiki nne hivi kati yao.

Mimi si mtu maarufu na sina maoni ya kupeleka redioni. Lakini kuna siku moja niliyosema, nitaisimulia kwa ufupi maana hainipendezi.

Baba alikufa 2017. Tulikaa nyumbani, kule Wundanyi, kugawana shamba, si kubwa, migomba na maharage na mteremko mmoja wa mawe. Tuko wavulana watatu na wasichana wawili. Kaka alichora mistari mitatu kwenye daftari. Nikasema iwe mitano, Katiba ya 2010 haimbagui binti, na zaidi ya Katiba, dada yetu mkubwa ndiye aliyemuuguza mzee miezi minane huku sisi tukituma pesa za dawa kwa M-Pesa na kujiita watoto wema. Hakuna aliyenibishia kuhusu kuuguza. Baba mdogo aliniuliza mke wangu amenipa nini. Kaka akacheka akasema huyu amekaliwa, mwacheni. Basi. Tangu siku hiyo nikaitwa hivyo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kwa utani, utani wa kila wiki, na binti wa kaka alipoletewa posa nilijua kwa picha.

Aliyeniumiza zaidi si kaka. Ni dada mwenyewe. Alinivuta jikoni akaniambia, "Waachie, mdogo wangu. Udongo nitaupata, ndugu nitawakosa. Siku mume akinifukuza nitarudi kwa nani?" Mistari ikabaki mitatu. Kipande changu nimemwachia alime, kwa jina langu. Kila nikifika naona migomba yake imestawi kwenye ardhi ambayo karatasi inasema ni yangu, na sijui kama hilo ni wema au ni woga uliovaa koti.

Kwa hiyo nikisoma kwamba mtu alisema, akafungwa, akasema tena, akafukuzwa, akasema tena, nashindwa kumtazama kama picha ya ukutani.

Baba, nisisahau, alikuja kubadili msimamo wake kuhusu Wangari, na kwa furaha kabisa. Oktoba 2004 habari za Nobel zilipotoka alinipigia simu kutoka Voi, salio la shilingi ishirini, akapiga kelele: "Umesikia mama yetu?" Mama yetu! Wangari alikuwa amepanda mti Nyeri siku ile ile, akiwa na udongo mikononi. Nilitaka kumkumbusha baba ule usiku wa redio. Salio likaisha kabla yangu.

Turudi ukutani. Rangi ya mafuta ikiwa bado mbichi unaweza kuifuta kwa kitambaa chenye petroli, ukichelewa inakula plasta. Nilikuwa na kama saa moja. M niliiacha. Nikafuta A, T, H, A na I, zikabaki kivuli cha kijani kama mtu aliyepigwa kofi. Tatizo la jina lile ni nafasi: nilikuwa nimeshalipima hadi kwenye fremu ya Kipchoge, na herufi ya saba haikuwa na pa kukaa. Ilibidi nizikondeshe zote. Halafu A mbili kubwa zikisimama bega kwa bega huacha pengo juu kati yao, kama mahema mawili, na jicho hulisoma pengo hilo kama neno limekatika. Unazisogeza mpaka miguu inakaribia kugusana. Nikachora kwa chaki mara tatu. Shosho sasa alikuwa amegeuza kiti kabisa, wateja wanajihudumia.

"Sogeza kidogo," akasema.

"Zitashikana, shosho."

"Zishikane."

Nikasogeza. Ukipita pale leo, la tatu kutoka langoni, utaona jina lake limebanana kuliko ya wenzake, na I ya mwisho inaegemea fremu ya Kipchoge.

Mwalimu mkuu alipokuja kunilipa alitoa ile karatasi yake, akatazama ukuta, akahesabu herufi kwa kidole. Akahesabu tena. Hakusema amekosea. Aliuliza kama hiyo A ataongezewa kwenye bili.

Nikamwambia hapana mwalimu, ni herufi moja tu.